Sufuria la Supu Linalolinda Hela ya Nyumbani

Januari ina mambo mawili kwa mtu aliye ughaibuni. Kule nyumbani shule zinafunguliwa: ada, sare, madaftari, nauli ya mtoto wa bweni, na simu zinaanza kuingia hata sikukuu hazijaisha vizuri. Huku ulipo, kama ni Uingereza au kaskazini mwa Marekani, ndiyo baridi imekolea na mafua yanazunguka nyumba nzima. Hata Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanadhani ni joto mwaka mzima, usiku wa Januari pale Riyadh, Tabuk au Kuwait unaweza kukugonganisha meno.

Kwa hiyo mwezi unaotakiwa kutuma zaidi ndio mwezi huohuo mwili wako unadai zaidi. Hapo ndipo bajeti nyingi zinapopasuka.

Mimi kazi yangu ni uhasibu, nimezoea kuuliza hela imetokea wapi na imeishia wapi. Wakati wa baridi, mara nyingi haiishii kwenye manunuzi ya wiki. Yale unayapanga. Inaishia kwenye ile jioni umerudi hoi kutoka saiti, vidole vimekufa ganzi, friji haina kitu, na simu iko mkononi. Unaagiza chakula, unalipa na ya kuletewa. Kesho hivyohivyo. Ukiugua ndiyo kabisa: siku tatu kitandani, kila mlo unaletwa mlangoni, na ukipona unakuta nusu ya hela ya kutuma imeshaliwa.

Dawa ya hilo tunaijua tangu utoto: supu. Si supu ya kupika ukiwa umechoka, bali ile iliyopikwa siku ya mapumziko ukiwa na nguvu zako, ikawekwa ikusubiri. Ichukulie kama akiba, maana inafanya kazi ileile: unaweka siku ya neema, unatoa siku ya shida.

Tuanze na hesabu

Namba hizi ni za mfano tu. Chukua kalamu uweke za kwako, maana bei ya mtaani kwako unaijua wewe.

Tuseme uko Uingereza na kipindi cha baridi unanunua chakula cha moto mara 3 kwa wiki, paundi 8 kila mara. Hiyo ni paundi 24 kwa wiki. Sasa tuseme sufuria moja la supu, ukijumlisha mifupa, mboga, viungo, mkate na gesi, linakugharimu paundi 12 na kutoa mabakuli 8. Bakuli moja ni paundi 1.50. Ukila bakuli 3 badala ya vile vyakula 3 vya kununua, umetumia paundi 4.50. Umebakiza paundi 19.50 kwa wiki.

Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi ni kama wiki 21. Zidisha: paundi 409.50.

Kwa aliye Saudia, tuseme chakula cha nje ni riyali 15 na bakuli la supu ya kwako ni riyali 4. Mara 3 kwa wiki unabakiza riyali 33. Wiki 13 za baridi ni riyali 429.

Na hapo bado hatujagusa siku za kuumwa, ambazo ndizo ghali kuliko zote, kwa sababu mgonjwa hapangi bei. Mgonjwa analipa tu.

Masufuria manne ya kuanzia

Supu ni nyingi: makongoro, utumbo, kichwa cha mbuzi, pweza kwa watu wa pwani. Hapa nimechagua nne ambazo vitu vyake vinapatikana karibu kila nchi tuliko.

*Supu ya mifupa.* Hii ni ya kutia joto mwilini. Nenda bucha la halali au la Waafrika, uliza mifupa yenye nyama: shingo ya kondoo, magoti, mifupa ya mbavu. Mkia wa ng'ombe mtamu, ila huku ughaibuni umepanda bei, usiung'ang'anie. Chukua kilo 2, weka kwenye maji baridi lita 4, washa moto. Povu likipanda, liengue mpaka maji yatulie. Tia vitunguu maji 2, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, na kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga. Punguza moto, funika, acha ichemke polepole saa 3. Ukiwa na sufuria la presha, dakika 50 hadi saa moja zinatosha, na gesi unaokoa. Karoti tia dakika 30 za mwisho, chumvi mwishoni kabisa. Ndimu ni ya kwenye bakuli, usiipike.

Kinachofanya supu hii iwe nzito ni ngozi na maungio ya mifupa, ambayo yakipikwa taratibu huyeyuka. Ukiiweka kwenye friji na asubuhi ukaikuta imeganda kama jeli, usiitupe ukidhani imeharibika. Hiyo ndiyo supu yenyewe. Mafuta yaliyoganda juu yakwangue, yahifadhi, utakaangia mboga kesho.

*Supu ya kuku.* Hii ni ya mgonjwa. Kuku mzima wa kilo moja na nusu, maji lita 3, kitunguu, tangawizi ya kutosha, kitunguu saumu na pilipili manga. Kuku wa kawaida wa dukani anataka kama saa moja tu. Ukimpika sana anakuwa kama pamba. Kama unataka ladha ya kuku wa kienyeji, maduka ya Waafrika pale Uingereza huuza kuku wazee, wale wagumu. Huyo mpe saa 2 au zaidi, utaona mwenyewe tofauti. Kuku akiiva mtoe, chambua nyama, irudishe kwenye supu. Mifupa isiachwe ndani, maana mgonjwa anakunywa macho yamefumba.

*Mtori.* Wenzetu Wachaga wa Kilimanjaro wanampa mama aliyejifungua, na wanajua wanachofanya: ni supu na chakula kwa pamoja, unashuka bila kutafuna. Chemsha nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa mpaka ilainike, toa nyama. Menya ndizi mbichi 10 za kupika, zipike kwenye ileile supu pamoja na kitunguu. Zikiiva, ponda kwa mwiko, rudisha nyama uliyoikatakata, ongeza supu mpaka uzito unaoupenda, tia kijiko cha siagi na chumvi. Ndizi mbichi utazipata kwenye maduka ya Waafrika na ya Wahindi. Angalia tu usiuziwe ndizi mzuzu, hizo ni za kukaanga na mtori wake unakuwa na utamu usiotakiwa.

*Supu ya adesi.* Hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ni ya wiki ya mwisho kabla ya mshahara. Adesi ni vile videngu vidogo vya rangi ya machungwa. Waarabu wanaviita adas, na dada zetu walioko Ghuba wanaijua supu yake fika kwa kuwapikia wengine wakati wa Ramadhani. Hazihitaji kulowekwa. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu kwa mafuta kidogo, tia nyanya 2, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na nusu kijiko cha manjano. Ongeza nusu kilo ya adesi iliyooshwa, karoti zilizokatwa na maji lita 2 na nusu. Dakika 25 hadi 30 zimeiva na kupondeka zenyewe. Kamulia ndimu, kula na mkate au chapati.

Onyo moja kwa wanaopenda kubadilisha adesi kwa maharage mekundu. Maharage hayo yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha vibaya. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, uendelee mpaka yalainike kabisa. Yale masufuria ya umeme ya kupika polepole, yanayowashwa asubuhi ukienda kazini, hayafiki moto wa kutosha kuua sumu hiyo. Chemsha kwanza kwenye jiko, ndipo uhamishie huko. Maharage ya kopo yameshapikwa, hayana shida.

Kuhifadhi ndiko kunakoleta faida

Sufuria kubwa lisipohifadhiwa vizuri linageuka hasara. Mambo ni machache:

- Usiliache sufuria jikoni mpaka asubuhi, hata kama nje kuna theluji. Gawa supu kwenye vibakuli vidogo vyenye mfuniko ili ipoe haraka, na ndani ya saa 2 iwe imeshaingia kwenye friji au friza.
- Ya kwenye friji imalize ndani ya siku 2. Iliyobaki yote igandishe siku ileile uliyopika.
- Acha nafasi ya kidole kimoja juu ya kila kibakuli, maana supu ikiganda inapanuka.
- Andika jina na tarehe. Ndani ya miezi 3 ladha bado ni nzuri.
- Viazi na wali havipendi friza, vinabadilika na kuwa na chengachenga. Pika vibichi siku ya kula. Mtori nao ni bora uliwe mbichimbichi ndani ya siku 2.
- Ukitaka kula, toa kibakuli friza usiku, kiweke kwenye friji. Pasha mpaka ichemke kabisa, na pasha kile utakachokula tu. Supu isipashwe mara ya pili.

Kwa kaka wa ujenzi, nunua chupa ya moto ya mdomo mpana. Asubuhi ijaze maji yanayochemka dakika 5, yamwage, kisha tia supu inayochemka. Mchana unakula cha moto saitini, na foleni ya kwenye gari la chakula waachie wengine.

Upatu wa sufuria

Tunajua upatu wa hela. Sasa fikiria mnakaa watu 4 nyumba moja, kila mtu na kisufuria chake, kila mtu na kitunguu chake kinachooza nusu. Kwa nini msicheze upatu wa sufuria? Kila mtu anapika supu moja kubwa kwa mwezi, wiki yake ikifika. Mabakuli 12 yakigawanywa, kila mmoja anapata 3. Ndani ya mwezi umepika mara moja, umekula supu 4 tofauti, na mifupa mmenunua kwa kilo nyingi, ambako bei hushuka.

Masharti yaandikwe kama upatu wowote: nani wiki gani, kiwango cha chini cha nyama, nani hali nini. Kama kuna Mwislamu ndani ya nyumba, nyama yote iwe ya halali, msibishane kila wiki. Na liwepo sharti moja la utu: anayeugua wiki ya zamu yake anabadilishana na mwenzake, na bakuli lake halikatwi.

Dada wa nyumba ya watu na kaka wa kambini

Najua si kila msomaji ana jiko lake. Dada anayeishi kwa mwajiri hawezi kuamka tu na kujaza friza ya madamu. Lakini mikataba mingi ya kazi za ndani Ghuba inamtaka mwajiri akupe chakula au posho ya chakula, na chakula maana yake ni pamoja na siku unayoumwa. Isome mikataba yako, na zungumza mapema ukiwa mzima, si siku ya homa. Omba kitu kimoja kinachoeleweka: nafasi ya vibakuli 3 kwenye friza, na ruhusa ya kuchukua mifupa na mabawa ya kuku ambayo mara nyingi hayapikwi. Kwenye nyumba ambako kila wiki unawapikia wao shorba, kuongeza maji lita moja na kujiwekea bakuli si jambo kubwa. Muhimu ni liwe la ruhusa, lisije likageuka kesi.

Kwa walioko kambini, supu ya adesi inaiva vizuri kwenye sufuria la umeme la wali. Ila pika kwenye jiko la pamoja. Kambi nyingi zinakataza kupika vyumbani kwa sababu ya moto, na faini ya siku moja inaweza kumeza akiba ya miezi.

Siku ya kuumwa: inachofanya na isichofanya

Tusidanganyane, supu haiui virusi. Inachofanya ni cha kawaida lakini kina thamani: inarudisha maji na chumvi unazopoteza kwa jasho la homa, inakupa protini wakati hamu ya chakula imekwisha, na mvuke wake unalegeza pua iliyoziba. Mwaka 2000, watafiti wa Nebraska, Marekani, walichapisha jaribio la maabara lililoonyesha kwamba supu ya kuku inaweza kupunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe. Lakini hilo lilifanyika kwenye vyombo vya maabara, si kwa wagonjwa. Kwa hiyo kunywa, ufarijike, ila usiache matibabu.

Chunga vidonge vya kuongeza ladha ya supu. Sehemu kubwa yake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai hivi. Kama una presha, tumia kitunguu saumu, tangawizi na ndimu kupata ladha, na kidonge kiache dukani.

Kwenye dawa nako kuna hela inavuja. Dawa nyingi za mafua za unga zenye maboksi mazuri ndani yake mna parasetamoli, ileile ya vidonge vya bei rahisi. Soma boksi. Usichanganye mbili, maana mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ini linaumia.

Na kuna wakati supu inatakiwa kuwekwa pembeni. Ukipumua kwa shida, kifua kikibana, ukichanganyikiwa, au homa ikikataa kushuka siku ya tatu, nenda hospitali. Uingereza piga 111 kwa ushauri au 999 kwa dharura. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa mapema, kumuona hakulipiwi. Gari la wagonjwa Saudia ni 997, Emirati 998, na dharura Oman ni 9999.

Halafu hili lisikie vizuri: ukirudi kutoka likizo nyumbani na ndani ya wiki au hata miezi ukapata homa, usiseme ni mafua ya baridi. Mwambie daktari siku hiyohiyo kwamba umetoka eneo lenye malaria na uombe kupimwa. Daktari wa huku anaweza asiifikirie usipomtajia, na malaria inaua haraka.

Jua pia haki yako, maana wengine wanajikokota kazini na homa kwa kuogopa kukatwa. Sheria ya kazi ya Saudia inatoa siku 30 za kwanza za ugonjwa kwa mshahara kamili na 60 zinazofuata kwa robo tatu. Emirati, ukishamaliza muda wa majaribio, siku 15 za kwanza ni mshahara kamili na 30 zinazofuata nusu. Kazi za ndani zina sheria zake tofauti, kwa hiyo angalia mkataba wako. Kote utadaiwa cheti cha daktari, kwa hiyo usikae kitandani bila karatasi.

Hela iliyobaki iende wapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapika, wanabana, halafu kile kilichobaki kinabaki kwenye akaunti ileile ya matumizi. Mwisho wa mwezi hakionekani. Akiba isiyohamishwa ni matumizi yaliyochelewa.

Fanya hivi. Kila jioni unapokula bakuli la friza badala ya kuagiza, hamisha ile tofauti palepale kwenda akaunti ya akiba, iwe paundi 6.50 au riyali 11. Usiitume nyumbani kidogokidogo, kwa sababu kampuni nyingi zinatoza ada kwa kila muamala, na ukituma vipande vitano unalipa ada mara tano. Ikusanye, iongeze kwenye ile ya kawaida, itume kwa mkupuo mmoja kabla shule hazijafunguliwa.

Kama bado hujaanza, siku yako ya mapumziko wiki hii nunua kilo 2 za mifupa na vibakuli 8 vyenye mfuniko. Kula viwili, gandisha sita. Mafua yakikukuta, utakuwa na cha kupasha, na ada ya mtoto itakuwa pale ulipoiacha.